Dashibodi ya kujitengenezea inapogoma: shika mita kabla ya kugusa programu

Asubuhi za Juni na Julai hapa Mbeya haziachi kasoro ya umeme ikajificha. Betri imelala kwenye baridi, oili imekuwa nzito, stata inavuta kwa nguvu, na ile skrini uliyoifunga mchana wa jua ikakupendeza inazima kabla injini haijashika. Yangu ilianza hivyo hivyo. Nilikesha siku tatu nikiandika upya programu, nikiamini kuna hesabu nimekosea. Programu ilikuwa salama. Kosa lilikuwa waya mmoja nyuma ya redio.

Ndiyo maana kijana akija na dashibodi yake ya Arduino au ESP32 (bodi ndogo za kompyuta za kujiprogramia) mkononi, mazungumzo yetu huanza namna moja.

"Kaka, nimebadilisha maktaba mbili za skrini na bado inazingua."

"Pini ya 5V ina volti ngapi injini ikiwa inaunguruma, mdogo wangu?"

"Hiyo sijapima."

Basi tunapima. Tunaanza na umeme unaoingia, kisha ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri), kisha ishara zinazotoka kwenye sensa, na programu tunaifungua mwisho. Dalili nilizoziandika hapa ni zile zinazonirudia mara kwa mara.

Inazima ukipiga stata

Itazame redio. Kama skrini na redio vinazima pamoja na kurudi pamoja, umechukua umeme kwenye waya wa ACC. Magari mengi hukata ACC makusudi stata inapozunguka, ili betri isigawane nguvu na vitu vya starehe. Unaoutaka ni waya wa IG, ule unaobaki na umeme ufunguo ukiwa ON na hata ukiwa START. Utafute kwenye boksi la fyuzi kwa mita huku mwenzako akipiga stata, kisha uuwekee fyuzi yake yenyewe ya ampea 1 au 2, karibu kabisa na pale ulipochukulia umeme.

Kama tayari uko kwenye IG na bado inazima, pima betri wakati stata inazunguka. Betri nzima iliyopumzika ina volti 12.6 hivi, na stata huishusha hadi 10 au 9. Betri iliyochoka, asubuhi ya baridi, inaweza kugusa 7 au chini ya hapo kwa muda mfupi. Kidhibiti volti cha 7805 kinahitaji takriban volti 7 kuingia ndipo kitoe 5. Zikipungua, bodi inajizima kujilinda na kuanza upya. Kwenye ESP32 iliyochomekwa kwenye laptopu utaona neno "Brownout", yaani volti zimepungua, likijitokeza kila inapotokea hivyo.

Dawa yake ni dayodi ya Schottky kwenye waya wa chanya, ikifuatiwa na kapasita ya mikrofaradi 2200 ya volti 50. Dayodi inazuia umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita usirudi kuisaidia stata. Kwa mzigo wa miliampea 100, kapasita hiyo inakupa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Inatosha kuvuka ule mshuko wa kwanza, ambao ndio mbaya zaidi. Haitoshi kuficha betri iliyokufa, na wala usijaribu kuificha. Badilisha betri.

Bodi imeungua, na si mara ya kwanza

Gari linaitwa la volti 12, lakini injini ikiwaka altaneta inatoa 13.8 hadi 14.4. Ukitumia 7805 kushusha 14.4 hadi 5 huku skrini na bodi vikila miliampea 400, tofauti ya volti 9.4 yote inageuka joto: karibu wati 3.8 kwenye kipande kidogo kuliko ukucha. Bila bati la kupooza kitaunguza kidole, kitajizima, kitapoa, kitawaka tena. Mtu anaona skrini inayowaka na kuzima kila baada ya dakika chache, anadhani programu inakwama. Weka kipunguza volti cha aina ya LM2596, ambacho hakigeuzi tofauti ile yote kuwa joto, na uirekebishe ile skrubu yake hadi upate volti 5 kamili kabla hujaunganisha bodi. Vingi vinauzwa vikiwa vimeachwa kwenye volti nyingi zaidi, na bodi mpya huungua siku ile ile.

Hata LM2596 ina kikomo, nacho ni volti 40 za kuingia. Hapa inabidi niseme jambo la gerejini kwetu. Kuna tabia ya kuvua terminali ya betri injini ikiwa inaunguruma, ili kujua kama altaneta inachaji. Betri ndiyo inayomeza mawimbi ya altaneta. Ukiivua ghafla, volti kwenye waya zinaweza kuruka kupita 80 kwa sehemu ndogo ya sekunde. Taa zitavumilia, lakini bodi yako haitavumilia, na hata kompyuta ya gari lenyewe iko hatarini. Terminali iliyolegea inafanya uharibifu huo huo taratibu, kila gari likipiga tuta. Altaneta inapimwa kwa mita kwenye betri iliyofungwa vizuri. Mwambie fundi hivyo kwa heshima, lakini mwambie. Kisha, baada ya fyuzi yako, weka dayodi ya TVS (ya kumeza miruko ya volti) ya volti 24, ya wati 1500 au zaidi, kati ya chanya na hasi. Mpangilio wote ni fyuzi, TVS, dayodi ya Schottky, kapasita, kipunguza volti, bodi.

Namba zinabadilika ukiwasha taa

Presha ya oili inasoma 3.0, unawasha taa kubwa, inasoma 3.5. Oili haijui habari za taa. Hiyo ni ethi.

Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye hasi ya betri yenyewe, nyingine kwenye GND (pini ya hasi) ya bodi yako. Washa taa, feni, na kipasha joto cha kioo cha nyuma. Ukiona zaidi ya volti 0.1, tatizo umelipata. Sensa ya kawaida ya presha ya bar 10 inatoa volti 0.5 hadi 4.5, yaani volti 0.4 kwa kila bar, kwa hiyo kosa la volti 0.2 kwenye ethi linageuka nusu bar kwenye skrini. Waya wa hasi wa kila sensa urudi kwenye bodi, na bodi iwe na waya mmoja tu wa kwenda kwenye bodi ya gari, mahali palipokwanguliwa rangi hadi chuma king'ae.

Sensa za waya mmoja, zinazopata ethi kupitia nyuzi za skrubu yake kwenye injini, zina adui wake: ile tepu nyeupe ya mabomba. Fundi akiizungusha sana kuzuia kuvuja, anaikata sensa na ethi yake. Na usisahau mkanda wa ethi kati ya injini na bodi ya gari. Magari yanayoshinda kwenye mvua za Tukuyu nimeyakuta na mikanda iliyooza ndani ya ganda lake, nje inaonekana mizima.

Mshale wa mizunguko ya injini unaruka ovyo

Ishara ukiwa umeichukua kwenye hasi ya koili, tambua kwamba pale kuna volti mia mbili hadi mia nne kila plagi inapopiga. Usiunganishe moja kwa moja. Pitishia kwenye optokapla kama PC817 au 4N35, yenye rezista na dayodi ya zena upande wa koili, ili bodi ipokee mwanga tu na isipokee umeme wa koili.

Kisha fanya hesabu. Injini ya silinda 4 yenye koili moja na distributa inapiga mara mbili kwa kila mzunguko. Sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) ya mizunguko 750 kwa dakika ni mapigo 25 kwa sekunde. Zidisha mapigo ya sekunde kwa 30, umepata mizunguko. Skrini ikikuonyesha nusu au mara mbili kamili, kizidisho chako kina kosa. Kwa gari lenye koili juu ya kila plagi, ukichukua koili moja tu, pigo ni moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hiyo zidisha kwa 120.

Kama namba inaruka bila mpangilio, 800 halafu 4,300 halafu 900, hizo ni kelele za umeme zinazohesabiwa kama mapigo. Kwa silinda 4 kwenye mizunguko 6,000, mapigo yanapishana kwa milisekunde 5. Basi iambie programu ilipuuze pigo lolote linalokuja kabla ya milisekunde 3 kupita. Na waya wa ishara usiulaze sambamba na waya za plagi. Ukilazimika kuzipita, zivuke kwa pembe mraba.

Spidi haisomi, au inadanganya

Sensa nyingi za spidi za Toyota za zamani hutoa mapigo 4 kwa kila mzunguko wa shafti ya spidomita, na shafti hiyo kwa kipimo cha Kijapani huzunguka mara 637 kwa kilomita. Ni mapigo 2,548 kwa kilomita, au kama 42 kwa sekunde ukiwa kilomita 60 kwa saa. Sensa hizi hazitoi volti zenyewe, zinavuta waya chini tu, kwenye ethi. Bila rezista ya kuvuta juu, ya kilo-omu 10 hivi, utasoma sifuri milele. Kwenye ESP32, pini 34 hadi 39 hazina rezista hiyo ndani, hata programu ikiiomba, na rezista ya nje iende kwenye 3.3V, siyo 5V.

Kulinganisha, nenda barabara iliyonyooka. Mimi hutumia tambarare ya Usangu, kati ya Igurusi na Chimala, abiria akisoma GPS ya simu. Abiria, siyo dereva. Tofauti ya asilimia ileile kwenye kila spidi ni saizi ya tairi. Irekebishe kwa kizidisho kimoja.

Maji yanachemka lakini skrini inasema 94

Hapa ndipo nyanda za juu zinapotutofautisha na mtu wa Dar es Salaam, na miongozo mingi imeandikwa na watu waliokaa usawa wa bahari.

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa hapa inakandamiza kwa takriban kilopaskali 82 au 83, badala ya 101. Maji kwenye sufuria yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko mzima wa rejeta wa bar 0.9 unapandisha kiwango hicho hadi karibu 115, na ndiyo maana injini inaishi. Lakini mfuniko ukichoka, mpira ukakauka, maji yataanza kuchemka kwenye zile 94 wakati wewe umeiandikia programu ipige kengele kwenye 105. Kengele haitalia. Na maji yakishuka chini ya sensa, sensa inabaki kwenye mvuke, inaweza hata kusoma chini zaidi. Kwa hiyo ukiona moshi wa maji na skrini imetulia, usiilaumu sensa wala programu. Zima injini, acha ipoe kabisa, kisha kagua mfuniko na kiwango cha maji. Kwenye dashibodi yangu kengele ya kwanza inalia kwenye 98, na kwa kuwa hata hiyo iko juu ya 94, nimeongeza sensa ya kiwango cha maji kwenye chupa ya akiba. Kwa mtu anayepanda mlima Kitonga na mzigo, naiona ya lazima.

Sensa ikisoma baridi kupindukia, waya umekatika. Ikisoma joto kupindukia papo hapo, waya umegusa ethi. Zile zinazotumiwa na kompyuta ya injini huwa na kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Usiongeze rezista yako kwenye sensa hiyo hiyo ya kompyuta: utaidanganya kompyuta kuhusu joto, na injini itaanza kula mafuta au kukataa kuwaka. Funga sensa yako mwenyewe pembeni.

Hewa hiyo hiyo ndiyo inayowachanganya wenye turbo. Injini imezimwa, skrini inasema bar hasi 0.19. Programu imetoa 101.3 kwenye usomaji wa 82.5, basi. Ukiandika 82.5 badala yake, teremka Kyela, karibu na Ziwa Nyasa ambalo liko chini ya mita 500: utaona chanya 0.13 gari likiwa limeegeshwa. Namba yoyote uliyoikaza itakosea mahali fulani kwenye barabara hii. Ifanye programu isome sensa kila ufunguo unapofika ON kabla ya stata, na itumie usomaji huo kuwa sifuri ya safari. Kwa safari ndefu ya kuteremka, ongeza sensa ndogo ya hewa kama BMP280 isome nje muda wote.

Mafuta yanapanda na kushuka

Kwenye mlima ni lazima, kwa kuwa mafuta yanahamia upande mmoja wa tangi. Chukua wastani wa nusu dakika au zaidi. Ila kama unatumia ESP32 na kipimo kinakufa kila unapowasha Wi-Fi, hamisha waya: pini za kundi la ADC2 (moja ya makundi ya pini za kusoma volti) hazisomi Wi-Fi ikiwa kazini. Tumia 32 hadi 39.

Skrini

Nyeupe tupu: mara nyingi dereva (chipu inayoendesha kioo) uliyemtaja kwenye programu siye, umeandika ILI9341 na kioo ni ST7789, au waya ya SPI (inayopeleka picha kwenye kioo) imelegea. Rangi nyekundu imekuwa bluu: badili mpangilio wa rangi, kioo ni kizima. Kioo cha herufi cha I2C kinawaka bila maandishi: zungusha ile skrubu ya nyuma, kisha jaribu anwani 0x27 na 0x3F.

Kupepesa ni suala la hesabu. Kioo cha 320 kwa 240 kina biti 1,228,800 kwa picha moja. Kwa SPI ya megahezi 8, ambayo ndiyo mwisho wa Arduino Uno, picha nzima inachukua sekunde 0.15 ukiwa na bahati. Ukiifuta skrini yote kila mara, macho yatauona ufutaji. Futa namba iliyobadilika peke yake.

Soketi ya OBD (ya kusomea kompyuta ya gari) iko kimya

Magari mengi ya soko la Japani ya zamani yana soketi yenye umbo lile lile lakini yanazungumza protokali nyingine. Usihukumu kwa umbo. Vua terminali ya betri, injini ikiwa imezimwa, na upime omu kati ya pini 6 na 14. Ukipata 60, laini za CAN, ambazo kompyuta za gari huzungumzia, zipo na ni nzima. Ukipata 40 baada ya kuchomeka kifaa chako, moduli yako imeongeza rezista ya tatu ya 120. Itoe jampa yake. Kama kila kitu ni sawa na bado kimya, soma maandishi kwenye kristali ya moduli ya MCP2515, ile inayounganisha bodi yako na CAN. Nyingi zina megahezi 8, na programu nyingi hudhania 16. Unadhani unaongea kwa kilobiti 500, kumbe unatoa 250, na gari halikuelewi.

Betri haichaji tangu ung'oe dashibodi ya kiwandani

Hili linaniuma kwa sababu mtu hugundua akiwa njiani usiku. Kwenye altaneta nyingi za zamani, ile taa nyekundu ya betri ni zaidi ya taa. Umeme unaopita kwenye balbu yake ndio unaoiamsha altaneta. Ukiondoa dashibodi, umeondoa balbu, na altaneta inaweza isiamke kabisa. Pima betri injini ikiwa inaunguruma: ikiwa 12.4 na inaendelea kushuka, rudisha balbu ya wati 2 au 3 kati ya IG na pini ya L ya altaneta.

Kwenye Toyota nyingi pia, ishara ya spidi hupitia dashibodi ndipo iende kwenye kompyuta ya injini. Ukiing'oa, kompyuta inaona gari limesimama siku zote, na gia za otomatiki zinaweza kuanza kusumbua. Ushauri wangu ni kwamba dashibodi ya zamani ibaki mahali pake, hata ikiwa nyuma ya paneli, mpaka uwe umefuatilia kila waya wake kwenye mchoro. Taa ya presha ya oili na ya breki zisipitie kwenye programu hata siku moja; ziache na balbu zake.

Betri inakufa gari likilala wiki

Pini 16 ya OBD ina umeme saa zote. Bodi na skrini vikila miliampea 150, ni ampea-saa 3.6 kwa siku, 25 kwa wiki, zaidi ya nusu ya betri ya 45. Rudi kwenye IG.

Inagoma siku moja moja tu

Waya za jampa za kuchomeka na ubao wa majaribio ni vya mezani. Kwenye gari vinatoka kwa mtikisiko. Soda kila kitu kwenye ubao wa kudumu, na gonga taratibu kwa mpini wa bisibisi huku skrini ikiwaka. Ikizima, umefika karibu.

Lililonichosha zaidi halikujionyesha kwa kugongwa. Niliongeza kadi ya kumbukumbu, bodi ikaandika volti zinazoingia kila nusu sekunde pamoja na sababu ya kila kuanza upya. Baada ya siku nane rekodi ikaonyesha volti zikishuka kutoka 14.1 hadi 5 na kurudi, kila mara asubuhi, dakika chache baada ya kuwasha feni ya joto. Nikafuata waya kutoka kwenye boksi la fyuzi. Kishikio cha fyuzi yangu kilikuwa kimepanuka, na joto la ile feni jirani lilikuwa linakilegeza zaidi. Nikakibadilisha kwa kile chenye kukaza vizuri, nikakihamishia mbali na bomba la joto.

Kadi ile bado iko ndani, inaandika.